Wazee wanasema watoto maandalizi "wanachezeshwa tu", huu utafiti wa kujifunza kwa kucheza una ukweli kiasi gani?

mwl_wa_shamba

Assalaam alaykum wanajamvi. Naomba msaada, khasa walimu na waliosomea mambo ya watoto wadogo, na wazee wenye watoto pia karibuni mana nyinyi ndio mlonifanya nije kuandika hapa.

Mie nasomesha maandalizi skuli moja ya shamba huku Unguja, watoto wa miaka minne na mitano. Kuna semina nilikwenda, mkufunzi akatupitisha kwenye kazi za profesa mmoja wa Marekani anaitwa Kathy Hirsh-Pasek, wa Chuo Kikuu cha Temple kule Philadelphia, na mwenzake Roberta Golinkoff wa Chuo Kikuu cha Delaware. Hawa miaka mingi kazi yao kuchunguza vipi mtoto mdogo anajifunza kwa kucheza. Wanasema sio mtoto aachiwe tu ajichezee na sio akalishwe mkekani aimbishwe a e i o u mpaka saa nne, kuna kitu cha katikati, mchezo wa kuongozwa, yani anayecheza ni mtoto lakini mwalimu ana lengo lake kichwani na anamsogeza kwa maswali. Nikapenda wallahi. Nikarudi nikalipanga darasa upya, kona ya duka, kona ya kujenga, kona ya mapishi, vifuu, visoda, maboksi, vyote tumeokota hapahapa kijijini.

Sasa juzi kaja mzee mmoja kumchukua binti yake, akaomba daftari. Kafungua ukurasa wa kwanza, kalamba kidole, kafungua wa pili, wa tatu, kurasa nyeupe na mchoro mmoja wa nyumba yenye miguu. Akanitazama akasema mwalimu, kupika vijungu vya mchanga hata kwangu uani anapika, tena bure. Nikakosa la kumjibu. Naseri ya kulipia iliyopo hapo barabarani watoto wanaandika majina yao, wanahesabu mpaka mia kwa Kiingereza na mwisho wa mwaka wanavalishwa majoho na kupigwa picha, wazee wanalinganisha na siwalaumu.

Kikao cha wazee kinakuja na mwalimu mkuu kashaniambia nitasimama mie nieleze. Kwa hiyo nataka kujua, hawa watafiti wamejuaje kama mtoto anajifunza kweli? Yamepimwa kwa watoto wa kwetu au ni ya huko kwao tu? Na darasa la watoto zaidi ya hamsini unauongoza vipi huo mchezo? Msinambie "kucheza ni haki ya mtoto", hilo nalijua, nataka hoja zenye nyama.

baba_nasra

Mwalimu mie nakuheshimu lakini niko upande wa huyo mzee wa daftari 😂

Mtoto wangu wa kwanza alisoma maandalizi ya kucheza cheza, alipoingia darasa la kwanza wenzake waliotoka naseri za kulipia wanasoma silabi yeye anaangalia dirishani. Tukamtafutia tuisheni jioni, chuo cha Kurani asubuhi Jumamosi na Jumapili, kwa hiyo ule mchezo alioupata maandalizi tuliulipa kwa kumnyima mchezo baadae. Hao maprofesa wana madarasa ya watoto kumi na tano na walimu wawili na kapeti chini na masanduku ya toi. Huku mwalimu mmoja, watoto hamsini, na mvua ikinyesha bati linapiga kelele hata yeye hajisikii. Leteni utafiti wa darasa la hivyo halafu tuongee.

Na tuambiane ukweli, mwalimu mvivu akisikia "kujifunza kwa kucheza" kashapata kisingizio, anawatoa nje yeye anashika simu. Simsemi mleta mada, nawasema wengine nilowaona kwa macho yangu.

masta_tunguu

Mwalimu nipo. Nafanya masta ya elimu na eneo langu ndio hilihili, nitaandika kirefu mnisamehe.

Swali la wamejuaje ndio zuri kuliko yote. Chukua jaribio moja tu la hao hao wa Temple, lilichapishwa mwaka 2013, mwandishi wa kwanza Kelly Fisher akiwa na Hirsh-Pasek, Nora Newcombe na Golinkoff. Walichukua watoto 70 wa miaka minne na mitano, wakataka kuwafundisha maumbo manne, pembetatu, mstatili, pembetano na pembesita. Wakawagawa mafungu matatu. Fungu la kwanza mtoto na mtu mzima wanajifanya wapelelezi, wanatafuta "siri" ya umbo, mtu mzima anauliza hebu hizi zote ni pembetatu, zimefanana nini? Mtoto anagusa pande, anahesabu pembe, na siri anaisema mwenyewe. Fungu la pili mtu mzima anaieleza siri ileile, maneno yaleyale, mtoto anasikiliza na kutazama. Fungu la tatu wamepewa vifaa vilevile wachezee watakavyo.

Halafu wakawapima kwa kuwachanganyia maumbo ya kweli na ya uongo. Sasa hapa ndio patamu. Mtoto wa umri ule ukimuonesha pembetatu ya kawaida, ile iliyokaa vizuri ncha juu, anakwambia pembetatu. Mpe nyembamba ndefu iliyolala ubavu anakataa, anasema hii sio. Ina maana anajua picha tu, hajui pembetatu ni nini. Fungu la kuongozwa ndio waliozitambua hizi za ajabu ajabu vizuri kuliko wenzao, na walipopimwa tena baada ya wiki moja bado walikuwa mbele. Na waliojichezea wenyewe bila kuongozwa walikuwa nyuma.

Sasa baba_nasra ona hilo la mwisho. Utafiti wenyewe uko upande wako na wa mzee wa daftari! Kumuachia mtoto vifaa peke yake hakumfundishi jambo ulilotaka ajue. Vijungu vya uani na vijungu vya darasani vinaonekana sawa ukivitazama toka mlangoni, tofauti ni yule mtu mzima aliyekaa pale chini na swali analouliza. Kama mwalimu kashika simu basi huo sio mchezo wa kuongozwa, hiyo ni mapumziko.

Kuna mwengine Elizabeth Bonawitz na wenzake, 2011, walitengeneza toi moja lenye mambo manne yamejificha, moja linalia, moja linawaka taa, kuna la muziki na kuna kioo. Kundi moja mtu mzima akawaambia tazameni, hivi ndivyo linavyofanya kazi, akaliliza. Makundi mengine hawakufundishwa hivyo, kwa mfano mtu akaliliza kwa bahati mbaya tu. Waliofundishwa wazi wazi wakaliliza, wakaliliza, wakaliliza tena basi, mengine hawakuyatafuta sana. Wenzao walichezea muda mrefu zaidi na wakayagundua mengi zaidi. Mtoto akifundishwa na mtu anayejua anahisi kama kipo kingine mwalimu angekisema. Mie nilipolisoma hili nikakumbuka watoto wetu ambao ukiwauliza kitu kisichokuwa kwenye daftari wanakwambia "hatujasomeshwa".

Kuhusu watoto wa kwetu, upo. Peter Mwaura, Kathy Sylva wa Oxford na Lars-Erik Malmberg walichapisha mwaka 2008 utafiti wa watoto wa Kenya, Uganda na Zanzibar hapahapa. Walilinganisha watoto waliobaki nyumbani, waliokwenda maandalizi za kawaida, na waliokwenda maandalizi zilizosaidiwa na ule mpango wa Madrasa wa Aga Khan. Waliokwenda maandalizi yoyote waliwapita waliobaki nyumbani, na wale wa Madrasa wakapata alama za juu zaidi kwa jumla. Na Madrasa wanasomesha vipi? Kwa kona na vifaa vya kuokota, mtoto anapanga atacheza nini, anacheza, kisha anaeleza alichofanya, waliuchukua mtindo wa HighScope wa Marekani wakautia dini na mambo ya kwetu. Ulianzia Mombasa miaka ya 1980, hapa Zanzibar umeingia 1990. Kwa hiyo mtu asikwambie hii kitu imeletwa jana na semina. Na wenye umri wetu tunavikumbuka vituo vya TuTu, Tucheze Tujifunze, redio inasema watoto simameni na mlezi anasimama nao.

bi_mkubwa_jangombe

Mimi sina elimu ya hayo lakini nacheka tu mnavyomtaja Mmarekani. Sie tulipokuwa watoto tukicheza mdako. Unachimba kishimo, unajaza vijiwe, unarusha kimoja juu, kabla hakijarudi mkononi ushatoa vya kishimoni, mzunguko wa kwanza unabakisha kimoja kimoja, wa pili viwili viwili, wa tatu vitatu vitatu, ukikosea zamu imekwenda kwa mwenzio. Mie hesabu ya mbili mbili nimeijulia hapo kabla sijaiona ubaoni. Na nage, kukwepa mpira huku unahesabu na wenzio wamekutolea macho uwaibie, hupitishi hata moja. Kibe je, unahesabu umefumba macho wenzio wanajificha.

Leo mjukuu wangu nimemrushia vijiwe akanambia bibi kwenye tableti upo huo mchezo? Subhanallah.

mpemba_mwalimu

Yakhe mwl_wa_shamba mie nasomesha maandalizi Pemba, kaskazini huku, na watoto wangu wanapindukia hamsini na uwanja wangu ni chini ya mwembe. Ntakwambia ninavyofanya ndani ya dhiki hiyohiyo anayoisema baba_nasra.

Wote kwa pamoja huwezi kuwaongoza, usijaribu, utapasuka koo. Mie nimewagawa makundi matano, kila siku kundi moja ndio langu nakaa nalo chini, manne yaliyobaki yanacheza yenyewe kwenye kona zao na kuna kina mama wawili wa kijiji wanakuja kwa zamu kuwaangalia wasipigane na wasile mchanga. Kwa hiyo mtoto anaongozwa na mie mara moja kwa wiki, si nyingi, lakini ile mara moja namsikia akiongea, zamani nilipokuwa nawakalisha wote mkekani kuna watoto ilikuwa mwaka unakwisha sauti yao siijui.

Msimu wa karafuu mchezo wao mkubwa ni shirika, lile linalonunua karafuu. Hajawafundisha mtu, wameona wazee wao wanakwenda kuuza. Mmoja karani, mmoja mwenye karafuu, mmoja mchukuzi, na kuna mmoja daima anataka kuwa askari. Karafuu yenyewe hatuchezei, ile fedha, tunatumia makonyo, vile vijiti vya karafuu, na kokwa za ukwaju. Mie naingia mnunuzi. Nawaletea kibaba na pishi ya kweli, vile vyombo vya kupimia vya zamani, nimeazima kwa bi mmoja, nawaambia nataka pishi moja lakini chombo nilichonacho ni hichi kibaba. Wanatazamana. Mwengine ananijazia kimoja ananambia chukua. Namwambia hebu kitie kwenye pishi tuone kama imejaa. Haijajaa. Wanatia tena, na tena, mpaka cha nne inajaa na kokwa moja inaanguka chini na wote wanapiga kelele NNE. Mie sikusema nne hata mara moja. Siku ya pili nimewakuta wanabishana wenyewe, karani kampunja mwenzake kamtilia vibaba vitatu anadai pishi, mwenye karafuu kakataa katakata. Sasa mtoto wa miaka mitano anayekataa kupunjwa kibaba, huyo hesabu imemuingia au haijamuingia?

Halafu yale makonyo tunayachambua. Makonyo upande huu, kokwa kubwa upande huu, ndogo kule. Wazee wanaona uchafu, mie naona vidole. Mtoto vidole vyake vikiwa bado laini ukimpa penseli anaishika kwa ngumi na anachana karatasi, ndio kurasa nyeupe zile. Kuchambua, kufinyanga udongo, kusuka ukili wa karatasi, miezi michache vidole vinakaza, penseli inashikika yenyewe.

kijana_wa_darajani

nyote mnaongea maneno ya maana ila hakuna anaesema mwalimu wa maandalizi analipwa ngapi, wengine wanaishi kwa posho ya kijiji. mpeni mshahara kwanza ndo mumwambie akae chini acheze

baba_nasra

Mpemba umenigusa na hilo la kupunjwa kibaba, nimecheka peke yangu dukani 😂😂

Lakini masta nimekwenda kutafuta kidogo kabla ya kukukubalia. Kile kituo cha Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, kinachotafiti michezo ya watoto, PEDAL, kimeanzishwa 2015 kwa fedha za taasisi ya LEGO. LEGO wale wa vitofali vya plastiki! Anayeuza vitu vya kuchezea anatoa fedha kutafiti kama kucheza ni kuzuri, halafu jibu linatoka ni kuzuri, ajabu ya Musa! Huoni hapo? Ni sawa na mwenye duka la sigara kutafiti mapafu.

masta_tunguu

Naona, na umefanya vizuri kuuliza, mana hata sisi tunafundishwa tuangalie nani kalipa.

Lakini usiishie kwa aliyelipa, soma waliandika nini. Mwaka 2022 watu wa hicho kituo, Kayleigh Skene na wenzake, walikusanya tafiti 39 za mchezo wa kuongozwa wakazipitia, na baadhi yake wakazipima pamoja. Kama walikuwa wanafanya biashara wangesema mchezo unashinda kila kitu. Hawakusema hivyo. Walisema mchezo wa kuongozwa ulikuwa bora kuliko kufundishwa moja kwa moja kwenye hesabu za mwanzo, kwenye kuyajua maumbo, na kwenye ule uwezo wa mtoto kubadilisha kazi moja kwenda nyengine bila kuchanganyikiwa. Kwengine kote hawakuona tofauti ya kueleweka. Yani kwa lugha nyepesi, kuna sehemu unashinda na penginepo unatoka sare.

Na wapo wa nje ya kituo hicho waliopiga pini zaidi. Angeline Lillard wa Chuo Kikuu cha Virginia na wenzake mwaka 2013 walipitia tafiti za mchezo wa kuigiza, ule wa kibaba na kimama, wakasema wazi kwamba madai makubwa makubwa kuwa kuigiza ndiko kunakompa mtoto akili na lugha na kila kitu, ushahidi wake ni dhaifu, tafiti nyingi zimefanywa vibaya. Kwa hiyo mwl_wa_shamba ukisimama kwenye kikao usiwaahidi wazee kwamba kona ya mapishi itamtoa mtoto daktari. Sema kile kilichopimwa. Hesabu za mwanzo na maumbo, hapo una miguu miwili ya kusimamia. Kusoma silabi hapo mie ningetulia, mana sauti za herufi kuna wakati lazima umwambie mtoto hii inasema "ba", hawezi kuigundua mwenyewe kwa kuangalia vifuu. Unaweza kumwambia kwa mchezo, lakini kumwambia utamwambia.

Hilo ndilo wengi wanaolishabikia jambo hili hawalisemi, wanafanya kama mwalimu akifundisha neno moja kwa mdomo wake ametenda dhambi.

mwl_darasa_la_kwanza

Naomba na mie ninaewapokea niseme, mana mnabishana kwa jina letu, "darasa la kwanza watashindwa".

Mimi napokea watoto wa aina zote mbili. Hawa wa majoho, wengi wanakuja wanahesabu moja mpaka mia kama wanasoma kaswida, haikatiki, nzuri kusikiliza. Nikisema nipe kokoto saba, anachota gao zima ananiletea. Nikimkatiza nikamuuliza baada ya kumi na tatu ni ngapi, anarudi moja aanze upya. Na jina lake anaandika, ni kweli, lakini ukimwambia hii herufi ya mwanzo ya jina lako inasema nini hajui, jina kalikariri mchoro mzima.

Wa kucheza nao nikiwa mkweli wanakuja wa namna mbili. Aliyechezeshwa na mwalimu anaekaa nae chini anakuja anauliza maswali, anajua zamu, anajua tano ni nyingi kuliko tatu bila kuimba, herufi tunazianza pamoja na baada ya muda simuoni tofauti na wale wa majoho. Aliyeachiwa uwanjani tu anakuja hajui hata kusubiri zamu yake. Kwa hiyo baba_nasra mtoto wako sijui alikuwa wapi, lakini hilo la kuangalia dirishani linaweza kuwa ni mwalimu tu wala sio mchezo.

Na jambo jengine, wazee wajue maandalizi si naseri ya kupumzishia mtoto. Toka Sera ya Elimu ya 2006 hapa Zanzibar maandalizi imo ndani ya elimu ya msingi ya lazima, miaka miwili, mtoto wa minne na mitano. Hawa wanaomleta mtoto kwangu hajapita popote ndio wananisumbua kuliko wote, na utafiti alioutaja masta wa 2008 umesema hivyohivyo, waliobaki nyumbani walikuwa nyuma.

mwl_wa_shamba

Jamani nimesoma yote, wengine mara mbili, Mwenyezi Mungu akulipeni kheri.

Nimeamua hivi. Hotuba sitoi. Nikianza na Philadelphia wataniona najidai na watalala. Nitawakalisha wazee makundi manne chini kwenye mkeka palepale darasani, niwape njiti na maumbo niliyoyakata kwenye maboksi, mengine ya kweli mengine ya uongo, niwaambie watafute ipi ni pembetatu na kwa nini. Hiyo nyembamba iliyolala ubavu nitaitia makusudi, nina hakika kuna wazee watabishana 😅 Halafu niwaambie hivi ndivyo tunavyofanya na wana wenu. Halafu nimwite binti wa mzee wa daftari achambue mbele yao, yule maumbo anayajua kuliko mie.

Na la picha nimepata wazo, kila Alkhamisi nitatia picha moja moja kwenye grupu la wasap la wazee na mstari mmoja chini, mtoto fulani leo kagundua kitu gani. Sio "watoto wamefurahi". Kagundua kitu gani. Kama sina cha kuandika basi ina maana siku hiyo na mie nilikuwa nawaangalia tu.

La silabi nimelikubali masta, dakika chache kila asubuhi kabla ya kona nitafundisha sauti za herufi kwa mdomo wangu, baba_nasra umeshinda hapo. Kijana wa Darajani la mshahara nimelisikia, tena nimelisikia sana.

Mpemba nakuuliza, hizo njiti za maumbo unatumia nini? Njiti za kiberiti zinakatika na spoki za baiskeli naogopa macho.

mpemba_mwalimu

Njiti za makuti, zile za fagio. Zikate urefu tofauti, usizikate sawasawa zote, ukizikata sawa watakutengenezea pembetatu za aina moja tu mwaka mzima na hiyo nyembamba hawataijua. Ncha zichovye kwenye udongo wa mfinyanzi uache zikauke kidogo, hazichomi na ukiziunganisha zinashika. Wazee watu wazima wape zilezile, usiwatafutie nzuri.

baba_nasra

Huyo mzee wa daftari mkalishe mbele kabisa. Na lete mrejesho hapahapa, akikosea pembetatu nataka kujua.